Kijana wetu baina ya duara na mlango wa chuo

Ijumaa ya leo tungependa kuzungumza na wazazi wa Kanda ya Ziwa, hususan wale wa Shinyanga, Kahama, Msalala na Geita, ingawa wazazi wa mikoa mingine nao hawatakosa fungu lao katika maneno haya.

Mzazi wa huko mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne huona mbele yake njia mbili. Njia ya kwanza inakwenda kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ambako kijana akibahatika huweza kupata kwa wiki moja fedha ambazo mwalimu wake hapati kwa mwezi, kisha akakaa miezi mitatu bila ya kuona hata chembe ya dhahabu. Njia ya pili inakwenda chuoni, ambako hukaa miaka mitatu au minne, akarejea na cheti kizuri chenye mhuri, na akikifikisha kwenye lango la mgodi mkubwa huulizwa swali ambalo hakufundishwa kulijibu: una uzoefu wa miaka mingapi? Kwa muda mrefu familia zetu zimezichukulia njia mbili hizi kuwa ni mahasimu. Aliyeingia shimoni ameiaga shule, na aliyeingia chuoni hatarajiwi tena kuchafua mikono yake. Sisi twaona kwamba utengano huo ndio tatizo lenyewe, na kwamba familia inayougharimia ni ya mwenye kijana, si ya mwenye mgodi.

Hebu kwanza tuitazame hii dhahabu inayotufanya tuharakishe. Mgodi wa kwanza mkubwa wa zama hizi, Golden Pride wa Nzega, ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 1998 na ukafungwa mwaka 2014. Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na North Mara mwaka 2002. Tulawaka, kule Biharamulo, ulianza mwaka 2005, na ilipofika mwaka 2013 wenyewe waliuacha ukachukuliwa na shirika letu la STAMICO. Buzwagi, mgodi ulio jirani kabisa na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009, na kazi ya kuchenjua mawe yake ilikoma mwaka 2021. Mzazi na apige hesabu mwenyewe. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza pale Kahama katika mwaka ambao Buzwagi ulianza kazi alikuwa hajamaliza kidato cha sita wakati mgodi ule ulipofungwa. Umri wa mgodi, basi, huweza kuwa mfupi kuliko safari ya mtoto mmoja shuleni, seuze maisha ya kazi ya mtu mzima.

Na hata mgodi ambao dhahabu yake haijakwisha waweza kusimama. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na mwaka huo huo Bulyanhulu ulipunguza shughuli zake na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea tu baada ya Serikali na Barrick kuafikiana na kuunda kampuni ya pamoja ya Twiga. Hatukusudii hapa kurejea mjadala wa makinikia, kwani ulijadiliwa vya kutosha na wanaoujua zaidi yetu. Tunachotaka kukitia mkononi mwa mzazi ni swali moja: siku ile mfanyakazi anapokabidhi kofia yake ya mgodini na kutoka getini, anaondoka na nini?

Aliyekuwa akibeba na kusukuma, akifanya lolote aliloambiwa, huondoka na mshahara wake wa mwisho. Aliyekuwa fundi wa umeme wa mitambo, mwenye cheti kinachotambulika na miaka yake ya kazi ikiwa imeandikwa na kutiwa saini na msimamizi, huondoka na kitu ambacho hakizuiliwi bandarini wala hakiishi pamoja na mwamba. Huyo aweza kuomba kazi kwenye kiwanda cha saruji, kwenye reli ya kisasa, kwenye mitambo ya umeme, au nje ya mipaka kabisa. Tukumbuke kwamba mwenye mgodi wa Geita ni kampuni ya AngloGold Ashanti, ambayo ina migodi Ghana, Guinea na Australia. Barrick nayo, inayoendesha Bulyanhulu, ndiyo inayoendesha mgodi wa Kibali kaskazini mashariki mwa Kongo, ulioanza kuzalisha mwaka 2013, na AngloGold wana hisa humo humo. Kwa hiyo soko la kazi la dunia, ambalo wengi wetu tunadhani linaanzia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwa kijana wa Geita linaanzia kwenye lango analolipita kila siku akienda sokoni. Mafuta ya mitambo, kipimo cha umeme na kanuni za usalama za kushuka chini ya ardhi havina uraia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kigeni yaliyoletwa na makampuni. Sivyo. Taifa letu liliwahi kulijaribu jambo hili kwa nguvu kuliko nchi nyingi, na lilijaribiwa kwa azimio lililopitishwa kando ya ziwa letu hili hili. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka masomo na kazi visiwe na ukuta baina yao. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na atakapoomba nafasi ya chuo aje na maoni ya mwajiri wake na ya chama.

Wazee wetu waliopita katika utaratibu ule bado wapo, na mtu akiwauliza atasikia sifa na malalamiko kwa kinywa kimoja. Sifa ni kwamba chuo kikuu kilipata wanafunzi waliokomaa. Mtu aliyekwisha kusimamia ghala au kufundisha shule ya kijijini haketi darasani kama anayetoka kwa mama yake. Watumishi ambao hawakupata bahati ya kidato cha sita nao walifunguliwa mlango. Lakini malalamiko yalikuwa mazito zaidi. Kijana aliyekusudia kusoma kemia alipangiwa kazi ya ukarani, na baada ya miaka mitatu akawa amezisahau hesabu zake bila ya kujifunza kemia yoyote. Maoni ya mwajiri na ya chama yaliweza kuandikwa kwa haki, na yaliweza pia kuandikwa kwa upendeleo, maana hapakuwa na kipimo cha kazi yenyewe. Na idadi ya wasichana wanaoingia chuo kikuu ilianguka mno. Sababu yake haihitaji mtaalamu: binti akishakaa nyumbani miaka mitatu akisubiri, huolewa au huelemewa na majukumu, na mlango hujifunga taratibu. Serikali yenyewe iliuona msiba huo, na haikupita miaka mingi wasichana wakaondolewa katika sharti lile. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 azimio lenyewe likawekwa kando.

Tumekaa hapa kidogo kwa sababu watu wengi husema Azimio la Musoma lilikosea kwa kuchanganya kazi na masomo. Sisi twasema lilikosea kwa kutovichanganya. Liliweka kazi upande mmoja na masomo upande wa pili, kimoja kikangojea kingine kiishe. Kazi haikuhusiana na somo, hakukuwa na mwalimu pale kazini, na aliyetia saini hakuwa aliyeiona mikono ya kijana ikifanya.

Tuangalie kwa upande mwingine kisa cha Nabii Musa (AS) katika Sura Al-Qasas, aya ya 26 na ya 27. Alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu, binti wa yule mzee alimshauri baba yake amuajiri, na akataja sifa mbili alizoziona kwa macho yake pale kisimani, nguvu na uaminifu. Wafasiri wanatuambia kwamba nguvu hapa ni uwezo wa kuitenda kazi husika, si misuli peke yake. Kisha mzee akaweka mkataba: muda ulijulikana, miaka minane, na kama Musa angependa kuitimiza kumi ni hiari yake, kazi ilijulikana, na malipo yalijulikana. Maulamaa wa fiq-hi wameitumia aya hii kuwa ni dalili ya uhalali wa ajira. Nasi tunaongeza tu kwamba yaliyokosekana katika mpango wa mwaka 1974 yote yamo humu: shahidi aliyeona, muda wenye mwisho, na kazi yenye jina.

Na wala si manabii tu. Wanachuoni wetu waliotangulia walipotaka kuandika juu ya madini hawakutosheka na maandiko. Al-Hamdani wa Yemen, katika karne ya 10 Miladia, aliandika kitabu kizima juu ya dhahabu na fedha, migodi yake na namna ya kuisafisha, na anayekisoma huona wazi kwamba ujuzi wa mafundi wa kalibu umo ndani yake. Al-Biruni alipima uzito wa vito na metali mbalimbali kwa mizani na maji.

Turejee nyumbani. Baada ya Musoma yalijengwa mambo ambayo, kwa maoni yetu, ni bora kuliko Musoma, lakini familia nyingi hazina habari nayo. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani, kimekuwa kikiwatoa wanafunzi wake wakati wa likizo ndefu kwenda viwandani na migodini kufanya kazi inayohusu somo lao, na kazi hiyo hutahiniwa. Utaratibu wa namna hii una asili ya mbali. Chuo Kikuu cha Cincinnati kule Marekani kilianza kuwapokezanisha wanafunzi baina ya darasa na kiwanda mwaka 1906, na Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilijengwa juu ya msingi huo tangu mwaka 1957. Tofauti ni kwamba wenzetu huwatoa kwa miezi mingi na kwa malipo, ilhali wetu hutoka kwa wiki chache na mara nyingi kwa nauli ya baba.

Kwa waliokwisha kuhitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango ambao mhandisi mhitimu huwekwa kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, akiandika taarifa za alichokifanya na msimamizi wake akizithibitisha, ndipo aweze kuomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Usajili huo una uzito kuliko wanavyodhani wengi. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitiliana saini mkataba wa kutambuana, kwa hiyo jina lililosajiliwa hapa lina pa kubisha hodi kwa majirani. Shahada bila ya miaka ile mitatu haifiki huko.

Kwa upande wa mafundi, mwaka 2009 makampuni ya migodi kupitia chama chao yaliungana na VETA na kuanzisha katika chuo cha VETA Moshi mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini. Vijana walisoma karakana ya Moshi na kupelekwa migodini kufanya kazi chini ya mafundi, kisha wakarudi tena, katika fani kama umakanika wa mitambo mizito na umeme. Ni jambo la kutafakari kwamba kijana wa Kahama, anayelala akisikia mngurumo wa mgodi, alipaswa kusafiri hadi chini ya Kilimanjaro ili ajifunze kuutengeneza. Lakini waliosafiri hawakujuta. Tena yapo mabadiliko ya kupendeza: mgodi uliokufa umeanza kugeuka darasa. Eneo la Golden Pride baada ya kufungwa lilikabidhiwa Serikalini na likatumiwa na chuo cha madini, na mwaka 2024 Barrick nao walifungua pale pale Buzwagi chuo cha kuwaongezea ujuzi wasimamizi wao wa kazi.

Sheria nayo imesogea. Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinamtaka mwenye leseni aeleze mpango wake wa kuajiri na kufundisha wananchi, na namna nafasi ya mgeni itakavyorithiwa na mzawa. Watanzania tayari ni zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi katika migodi mikubwa. Kwa hiyo ugomvi wa leo si wa kuingia getini tu, ni wa kupanda: nani atakuwa fundi mkuu, nani atakuwa mhandisi wa mwamba, nani atasaini ripoti. Na huko juu mtu hapandi kwa mikono peke yake wala kwa karatasi peke yake.

Katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, sekondari zetu zimewekewa mkondo unaoitwa wa amali, na utekelezaji wake ulianza katika baadhi ya shule mwaka 2024. Sisi tuliosoma madrasa tulilipokea jina hilo kwa tabasamu, maana mwalimu wetu hakuwa akilitaja neno elimu bila ya kulifuatisha na amali. Tunaomba tu wazazi wasiuchukulie mkondo huo kuwa ni jaa la kuwatupia watoto walioshindwa. Ngazi za elimu ya ufundi zimepangwa ili mtu aweze kutoka kwenda kazini na kurudi: akasoma cheti, akafanya kazi, akarejea kwa stashahada, akafanya kazi tena, na akafika shahada akiwa na miaka arobaini na watoto watatu. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini. Binti yangu amepangiwa mafunzo tarajali mgodini, nimruhusu? Tunajua kinachowatia hofu. Zamu za migodini huwa za saa kumi na mbili, nyingine za usiku. Miji ya dhahabu ina sifa zake, na nyumba za kulala wageni za mji wa Geita au Kakola si mahala pa kumwacha binti wa miaka ishirini bila ya mwenyeji. Hofu hiyo si ujinga wala si ukale, na hatutaungana na wanaoicheka.

Lakini hofu ikishatambuliwa inapaswa ishughulikiwe. Musoma ilitufundisha kwamba mpango wowote wa uzoefu wa kazi usiofikiria mahala msichana atakapolala utamwacha msichana nje, hata kama hakuna aliyekusudia. Wanawake leo wanaendesha malori makubwa ya migodini, wanashuka chini ya ardhi, wanapima sampuli maabara. Norway ilipoamua, kuanzia mwaka 2010, kusaidia mpango ule wa Bodi ya Wahandisi, iliwalenga wahandisi wanawake, kwa kuwa ndio waliokuwa wakikwama baada ya shahada. Katika misikiti ya Kahama na Geita zimo familia zenye nyumba, zenye mama na mabinti, ambazo zingeweza kumpokea mwanafunzi wa kike kwa wiki nane bila ya kupungukiwa na kitu. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika majina. Kuhusu stara, kofia ngumu na kilemba havigombani, bora tu kitambaa kisining'inie karibu na mashine, na hilo ni sharti la usalama ambalo dini hailikatai. Kuhusu swala, mwanafunzi aulize mapema ratiba ya mapumziko, na msimamizi aelezwe kwa adabu. Tumewaona wengi wakikosa swala kwa sababu ya kuona haya kuuliza.

Kuna upande wa pili wa neno uzoefu ambao hatuna budi kuukemea. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayebeba viroba vya mawe kwenda kwenye karasha, au anayeshika zebaki kwa vidole vyake pale mwaloni, hapati uzoefu wa kazi. Anaibiwa. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2013 ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu, na maeneo ya Geita na Kahama yalikuwamo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Mzazi anayesema kwamba anamzoesha mwanawe kazi na aijue sheria hiyo, na aijue zebaki pia, kwani haitoki mwilini kwa kunawa.

Watu wazima nao hawako salama. Nyangarata, wilayani Kahama, Oktoba 2015, udongo uliporomoka, na watu watano waliopatikana hai walikuwa wamekaa chini ya ardhi siku 41. Nyandolwa, mkoani Shinyanga, Agosti 2025, watu 25 walifukiwa. Kila msiba kama huo unapotokea tunaswali, tunatoa rambirambi, kisha duara lingine linafunguliwa hatua mia moja kutoka pale, na matimba yake yanafungwa na mtu aliyejifunza kwa kumwangalia mtu mwingine ambaye naye hakufundishwa. Hapa ndipo tunapoona hasara kubwa ya utengano tulioutaja mwanzoni. Aliyesoma miamba chuoni hashuki kwenye duara, na anayeshuka kwenye duara hakusoma miamba. Mchimbaji mdogo mwenye miaka kumi ya kazi anajua mambo ya mwamba wa Geita ambayo mhadhiri hayajui. Mhadhiri naye anajua sababu ya ukuta kupasuka, ambayo mchimbaji huijua siku ya mwisho.

Kwa bahati njema upo mlango wa kuwakutanisha. VETA wanao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila ya kupita darasani: mtu hupimwa kwa vitendo, mapungufu yake huzibwa kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Mchomeleaji wa magenge, fundi wa karasha, fundi wa kompresa, wote waweza kuulizia katika chuo cha VETA kilicho jirani. Tume ya Vyuo Vikuu nayo ina utaratibu wake wa kuwapima watu wenye ujuzi wa kazini wasio na sifa za kawaida za kuingia chuo kikuu. Ni milango isiyo na msongamano, maana wengi hawajui kama ipo.

Imebaki fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, una kifungu cha mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka mingi Waislamu wengi walisita kuuchukua kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani. Wapo walioiita riba, na wapo waliosema ni fidia ya kushuka kwa shilingi. Mjadala huo umepoa, kwani tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilipanuliwa hadi kwa stashahada za fani za kipaumbele, madini yakiwamo. Lakini mwanafunzi asiyepata mkopo, aliyepata nafasi Geita na nyumbani kwao ni Tanga, hukosa kodi ya miezi miwili tu na nafasi ikapotea. Fungu la sadaka la msikiti mmoja lingemfikisha. Tumezoea waqfu wa visima na wa misahafu, nao ni wema mkubwa. Chumba kimoja cha waqfu nyuma ya msikiti wa Kahama, chenye vitanda vinne vya wanafunzi wa kiume wa mafunzo tarajali, bado hatujazoea kukifikiria.

Nafasi ikipatikana, mzazi aulize mambo machache kabla ya kijana kupanda basi. Nani hasa atakuwa msimamizi wake, kwa jina? Atafanya kazi gani, na je, inafanana na anachosoma, au atakuwa wa kutumwa chai na kupanga mafaili? Je, atapewa mafunzo ya usalama siku ya kwanza, pamoja na kofia, viatu na miwani? Kitabu chake cha kumbukumbu za kazi kitatiwa saini kila wiki, au siku ya mwisho kwa pamoja? Akiumia, nani anawajibika? Na kama kazi yake inaingiza faida, posho yake ni kiasi gani na italipwa lini? Kijana ambaye hawezi kuuliza haya peke yake afuatane na mtu mzima, au aandikiwe barua.

Vyuo vingi hutoa wanafunzi wao kati ya Julai na Septemba, na migodi hupokea maombi mengi kuliko nafasi. Barua inayofika mwezi wa Juni huwa imechelewa. Anayetaka nafasi ya mwaka ujao aanze kuandika baada ya muhula wa kwanza, akiambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo yake na nambari ya simu inayopatikana.